Zuhura Ndani ya Mwamba wa Wainka

Bertrams, Joburg, Jumapili

Na hata sikumwambia kwamba nimemkumbuka.

Binti yangu Zuhura alinipigia simu ya video jioni kutoka Peru, anakosomea utunzaji wa majengo ya kale. Alikuwa kwenye hekalu la Wainka, lote limechongwa katika mwamba mmoja. Akanionyesha mfereji uliopinda kama nyoka, ambamo walimimina pombe ya mahindi wakati wa ibada. Halafu akashuka pangoni, penye meza ya jiwe.

"Mama, jiwe hili lina baridi! Shika," akasema, akailaza simu juu yake. Kioo kikawa cheusi. Nikaweka kiganja changu pale pale, kama mjinga.

Na alisema kwa Kiswahili! Mtoto aliyezaliwa hapa Joburg, miaka yote namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza.

Kisha akaniambia wamemwomba abaki mwaka mwingine. "Ukikataa, Mama, narudi."

Eish. Nilitaka sana kukataa.

"Baki, mwanangu," nikasema. "Kazi hiyo unaipenda, naiona usoni kwako."

Alishangilia mpaka pango likaitikia. Simu ilipokatika nikaingia chumbani kwake, nikajilaza kitandani pake na viatu miguuni.