Jina la mama wa askari

Mjukuu wangu Mireille,

Huku Lubumbashi tuko wazima. Mama yako amerudi kutoka Kasenga na samaki wakavu, sasa hata shuka zangu zinanuka mto Luapula. Umeniuliza kwa nini bado nakata majina ya kadi za salamu herufi moja moja na simu iko.

Wakati wa vurugu niliuza kadi, mwoga kuliko kuku. Kwenye kizuizi cha barabarani, askari alimwaga mfuko wangu: karatasi, gundi, nyundo na vyuma vya kukatia herufi.

"Hii iko ya trakti, makaratasi ya wapinzani!"

"Hapana, chef, mukubwa wangu. Iko ya majina ya watu, ya kadi."

"Basi kata jina ya mama yangu, Josefina. Ukishindwa, hautoki hapa."

Nikagonga kidole mara mbili, usicheke. Nilipobandika herufi ya mwisho, aliisogeza kadi karibu na macho.

"Ongeza 'niko muzima'," akasema polepole. "Mama hajui kama bado niko."

Nikaongeza. Akaegemeza bunduki ukutani, akaipokea kadi kwa mikono miwili.

Ya kwako itachelewa kidogo, Mireille. Una herufi nane, na kambo yako, babu yako huyu, ana vidole vizee.

Kambo Célestin