Sufu ya Hema Chini ya Mlango wa Banda

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, lakini kwanza pokea salamu zetu. Baridi mnaipitishaje huko kwenu? Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Mwanangu Tumurbat hajambo, anakwenda kazini, mkewe Solongo hajambo, mgongo tu unamsumbua, mjukuu wangu Misheel wa miaka minne ana kikohozi, mama mkwe wangu macho hayaoni tena lakini anakula vizuri na anakusalimu, hata mbwa wetu yupo. Mume wangu Luvsan ndiye hayupo, na ndiyo sababu ya barua hii. Unisamehe mwandiko, shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kuchunga.

Sisi tulikuwa wafugaji, baridi ikaua mifugo yote tukahamia huku pembezoni mwa Ulaanbaatar, Luvsan akapata gari la kubeba abiria, na asubuhi za baridi kali gari haliendi mpaka injini ipate moto nusu saa nzima, naye alikuwa akikaa humo ndani ya gari kwenye banda la mabati akingoja, kifua kinambana, nikamwonea huruma. Asubuhi moja ya mwaka juzi nikachukua kipande cha sufu nene ya hema letu la zamani, nikausukuma mlango wa banda ukafungika, nikaziba uwazi wa chini kwa ile sufu, maana kule malishoni sufu hiyo ndiyo iliyotuokolea wanakondoo. Akanipigia kelele kutoka ndani, "Mke wangu, leo umenitia kwenye tumbo la kondoo!" Tukacheka. Nikaenda kusimama getini na upawa wa maziwa ili nimnyunyizie nyuma ya gari njia yake iwe nyeupe, ya heri, kama kila siku. Nikangoja. Maziwa yakaganda kwenye upawa.

Nilipomkuta niliitoa ile sufu kwanza, ndipo nikaita watu. Nilifanya hivyo, mshauri. Watu wa hospitali wakasema ni moshi wa gari, shemeji zangu wakasema Luvsan alikuwa amelewa akajifungia mwenyewe, nami nikanyamaza, na mume wangu alikuwa ameacha pombe miaka mitano.

Sasa Tumurbat anawasha gari hilohilo katika banda hilohilo, na tangu Misheel aanze kukohoa wanamkalisha ndani ya gari apate joto kabla ya kupelekwa chekechea. Nikisema, mwanangu ananijibu, "Mama, baba alikuwa amelewa. Mtu mwenye akili zake akisikia harufu si anatoka? Acha hofu zako." Jumatatu nimemkuta Solongo ameinama mlangoni na ile sufu mkononi, ameifukua stoo, ananiambia, "Mama, kitu kizuri hivi ulikificha cha nini?" Nikamnyang'anya, nikasema ina panya. Akacheka, "Panya gani wa kuishi kwenye baridi hii, mama!"

Sipati usingizi. Nikisema ukweli mwanangu atajua nani alimuua baba yake, atamchukua mtoto wake aondoke. Nisiposema, unajua mwenyewe. Nijibu upesi, hata kwa maneno mawili, asubuhi haziningojei.

Mama wa Tumurbat

*

Mama wa Tumurbat, majina yenu yote nimeyabadilisha, lakini wa nyumbani kwako watajitambua tu, kwa hiyo usijifiche nyuma ya gazeti.

Barua yako imenifikia Ijumaa. Tangu Jumatatu umemwacha mtoto akae ndani ya banda lile huku ukinisubiri mimi! Ningekuwa karibu ningekushika mkono tukalia wote, kisha ningekugombeza.

Mwanao hajui jambo moja. Sumu iliyomo katika moshi ule haina harufu. Haimkabi mtu akashtuka, inampa usingizi. Mwenye akili zake hufa sawa na mlevi, na mtoto hutangulia. Na ukisema panya, mkwe wako ataikung'uta sufu na kuirudisha mlangoni.

Hukumuua mumeo. Ulimfunika kama ulivyozoea kumfunika kiumbe anayetetemeka. Lakini ulipoitoa sufu ukanyamaza, mwanao ulimwachia banda bila onyo, na mumeo ukamwachia jina la ulevi. Hayo ni yako, mama, na yanatengenezeka kwa kinywa tu.

Acha kusoma, mwite Tumurbat. Mpe sufu mkononi, mwambie asubuhi ile ilikuwa wapi. Atakasirika. Mwache akasirike, anayekasirika anapumua. Akiondoka na mtoto, ataondoka na mtoto aliye hai.

Mlango wa banda ung'olewe leo, si kufunguliwa nusu. Gari lisukumwe nje kabla ya kuwashwa, lipate moto uani. Sufu ilazwe juu ya boneti jioni gari likishazimwa, hapo ndipo pa kuzibia baridi. Misheel akae karibu na jiko mpaka baba yake apige honi.

Wewe simama getini na upawa wako. Gari likitoka, nyunyiza maziwa, kisha mtaje Luvsan kwa sauti, shemeji zako wasikie, useme hakuwa amelewa.