Jina Lililokatwa kwa Wino

Ipogolo, Iringa
10 Machi 1956

Kwa Dada yangu mpendwa Severina,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na watoto wote wa hapo Uyole. Je, kifua chako kimepoa, au baridi ya huko bado inakubana? Sisi hapa wazima, ni mvua tu inayotutesa. Tadeo amefikisha meno manne, na jana kaniuma.

Barua yako niliipata kwa dereva wa lori la viazi. Umesema ukija Pasaka ukakuta pombe bado imo nyumbani humu, utamfunga Tadeo mgongoni urudi naye Uyole, na mimi nisifungue mdomo. Nimekuelewa. Ndiyo maana nakueleza nilivyohangaika na hicho chama cha kuacha pombe ulichoniambia nikitafute. Ukisoma utachoka kama nilivyochoka mimi.

Kukipata tu ni kazi. Katekista alisema wanakutana Jumanne, darasani nyuma ya kanisa, kule juu mjini. Nikapanda kilima na mtoto mgongoni, matope mpaka magotini, nikakuta akina mama wanashona vitambaa vya altare. Wakasema siyo Jumanne, ni Alhamisi. Alhamisi nikapanda tena, nikakuta kufuli. Baba mmoja aliyekuwa anafagia akacheka, akasema chama kimefungwa mpaka Juni, huu ndio msimu wa ulanzi, wanachama wote wako kwenye mianzi, nani atakuja? Wanafunga chama wakati pombe inadondoka yenyewe kwenye mianzi, wanakifungua mianzi ikishakauka! Kiangazi nani hawezi kuacha?

Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, Mzee Liberatus, nikakaa mlangoni pake. Mkewe akanikaribisha chai, nikakataa, nikasema sitoki mpaka chama kifunguliwe. Mzee akauliza kama nimetumwa na padre. Nikasema nimetumwa na huyu, nikamgeuza Tadeo amwone. Akachukua ufunguo huku ananung'unika kwamba wanawake wa Ipogolo wana vichwa vigumu.

Alipofungua kitabu hakuniangalia hata usoni, akauliza tu jina la mume wangu. Maana pale wake ndio huwapeleka waume, kama mtu anavyopeleka ng'ombe joshoni. Nikataja Kalinga. Akaandika.

Jumapili akaja mwenyewe nyumbani, akamkuta Baba Tadeo anapiga randa mlango wa watu. Akamhubiria mpaka jua likageuka, akamwita mtumwa wa kibuyu, mwizi wa maziwa ya mtoto. Mimi niko jikoni nasonga ugali ulioiva zamani. Baba Tadeo akaweka randa chini, akanitazama, akasema Alhamisi atakuja. Na amekwenda, Dada, Alhamisi tatu, mimi nyuma yake na mtoto. Wengine wamerudi mmoja mmoja, sasa tuko sita. Kila mtu husimama aseme wiki yake imepitaje. Yeye husema hakunywa, wanampigia makofi. Yotamu, mwenzetu mmoja aliyekunywa tangu ujana, alimwuliza anafanyaje hata mikono yake haitetemeki. Akajibu kwamba anakunywa chai.

Sasa, Dada, soma polepole. Baba Tadeo hanywi. Hajawahi kunywa. Anayekunywa ni mimi.

Unakumbuka ulipokuja nilipojifungua, maziwa yakachelewa, ukaniletea mtogwa, ule ulanzi mtamu wa asubuhi, kama mama alivyokunywesha wewe ulipojifungua. Sikulaumu, maziwa yalikuja. Ila uliporudi Uyole mimi sikuacha, nikaanza kuuweka mpaka uchachuke. Na ule mkono wa Tadeo ulioungua, niliokuandikia kwamba baba yake alipiga teke chungu cha uji kwa ulevi: hata hakuwepo. Nililala mimi karibu na moto, mtoto akatambaa.

Tena barua yako, mwandiko wako wa kuunganisha ulinishinda. Yeye ndiye aliyenisomea. Alisoma yote, hata pale ulipomwita fisi. Akaikunja, akasema dada yako anakupenda, mjibu.

Juzi Alhamisi Baba Tadeo aliposimama nikamvuta koti akae. Nikasema jina lililoandikwa si lake. Mzee Liberatus akasema kitabu hakina ukurasa wa wanawake. Nikamwambia basi amkate Kalinga amwandike Apolonia palepale, wino si anao? Akaguna, akakata. Nikasema wiki yangu: Jumatatu nilikunywa, siku nyingine sikunywa. Hakuna aliyepiga makofi. Yotamu alisogea kwenye benchi, nikakaa.

Basi njoo, Dada. Ukiamua kumchukua Tadeo sitafungua mdomo, kama ulivyoagiza. Ila fika kabla ya Alhamisi, tupande wote kilima, umbebe wewe, usikie wiki yangu kwanza.

Nisalimie shemeji, watoto, na majirani walionishonea nepi. Baba Tadeo anakusalimu, ingawa hajui nimeandika nini humu. Ukitaka kumwambia neno, na najua unalo, liandike kwa herufi za kuachana, nimsomee mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Apolonia