Muuguzi wa Nyuma ya Turubai

Zahanati ya Kijiji,
Bukiriro,
Ngara.
10 Machi 1996

Mpendwa wifi yangu Adelfina,

Hujambo, wewe uliyetusahau? Morogoro hamjambo? Shemeji Frednand anaendeleaje, na Joan wetu, kile kikohozi chake kimeisha? Nauliza yote kwa mpigo kwa sababu najua utajibu moja tu, kama kawaida yako. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua zimeanza, maharage yanapendeza. Kaka yako Renatus bado yuko Lusahunga anaziba pancha za malori. Huja nyumbani mwisho wa mwezi akinuka mpira na kutaka kupokewa kama mgeni rasmi.

Nina habari ya Baba. Usianze kulia, nakujua! Aliugua sana, ila sasa anakula na kugombana na kuku. Soma taratibu.

Kwanza ujue hali ya kazini. Evaristi, yule mganga wetu, ameajiriwa na shirika linalohudumia wakimbizi kule Kasulo, na wauguzi wenzangu wamemfuata. Siwalaumu, huko kuna dawa na gari. Nimebaki mimi na Nshoma mfagizi. Nazalisha mimi, nachanja mimi, nafunga vidonda mimi. Wanakijiji wananinunia eti nawapendelea wakimbizi wanaovuka kutoka Burundi, na wakimbizi wenyewe wananitazama kwa woga wakidhani nitawafukuza. Jioni miguu imevimba hadi viatu vinakataa kutoka. Kuna siku natembea njia nzima ya nyumbani nikisema kesho naacha.

Halafu anakuja mtu kama Keza. Huyu ni dada wa Kirundi aliyevuka mpaka huku uchungu umemshika. Alijifungulia kwenye mkeka, maana vitanda vyote vilikuwa na watu. Asubuhi nikamkuta amembeba mtoto mgongoni, anafagia wodi. Nikamnyang'anya ufagio, kwa ukali kabisa. Akasema hana kitu kingine cha kunipa. Wifi, ilibidi nimrudishie ufagio. Nikaenda nyuma ya jengo nikajifuta machozi, kisha nikarudi kuita anayefuata.

Sasa Baba. Alinyeshewa akilinda mikaratusi yake, kwa sababu ameapa hakuna mkimbizi atakayekata tena hata tawi. Akarudi anatetemeka, na baada ya siku chache kichomi kikamshika. Mimi sikuingia chumbani kwake. Unajua mwiko wa mkwe, tangu nilipoolewa hapa sijawahi kumtazama Baba usoni, wala yeye hajawahi kuniita. Akitaka maji anamwambia Mama, Mama ananiambia mimi, hata kama sote tuko ua mmoja. Lakini ugonjwa nilikuwa nausikia nikiwa jikoni. Alivyokuwa anavuta pumzi, fupifupi, kama mtu anayepanda mlima na gunia kichwani! Nikamwambia Mama kwamba hii ni nimonia, anahitaji sindano kila siku kwa wiki nzima.

Basi ikawa vita. Sindano yenyewe ni ya tako, wifi. Na mchomaji ni nani? Mke wa mwanawe! Baba akasema heri afe.

Tukamshawishi abebwe hadi Kasulo, kwa Evaristi. Akakataa. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Mama, "Mimi, Matiasi, niende kulala kwenye hema kama mkimbizi? Na miti yangu nimwachie nani?" Mama akamjibu kwamba miti haitamlilia. Haikusaidia.

Nilikuwa nakwenda kazini nachoma sindano watoto wa watu, narudi nyumbani namsikia baba mkwe wangu anaisha upande wa pili wa ukuta, na dawa ninayo mkobani. Adelfina, niliogopa. Mwaka huu nimefumba macho ya watu wengi, wengine sikujua hata majina yao. Sikuwa tayari kufumba ya baba yako na kukuandikia barua ya namna hiyo. Na usifikiri tulikuwa tunapendana sana. Mwaka jana alimtuma kaka yako aniambie niache uuguzi, eti mwanamke gani wa heshima anashinda akishika miili ya watu asiowajua. Nililia wakati ule. Lakini mtu hamchagui mgonjwa.

Ikafika asubuhi Baba akamwita Mama kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Hapo Mama Febronia akasimama. Unamjua mama yako anapofunga kanga kiunoni! Akaingia uvunguni akatoa turubai, haya ya plastiki wanayopewa wakimbizi. Kumbe alilibadilisha sokoni kwa ndizi akalificha, maana Baba alikataza kitu chochote chao kisiingie nyumbani mwake. Akalitundika kwenye boriti, likamfunika Baba kutoka shingoni hadi miguuni na kuning'inia hadi chini. Kisha akachukua wembe, akakata tundu. Dogo, la ukubwa wa kisosi.

Akamwinamia akamwambia, "Baba Renatus, muuguzi amekuja. Hamtaonana."

Baba akageuza uso ukutani. Halafu akasema, "Asinione."

Basi nikaingia kinyumenyume, niko upande wangu wa turubai, Mama upande wake. Nilichokiona ni tundu tu na kipande cha ngozi kinachochemka kwa homa. Nikakipaka spiriti mara tatu, kama mwanafunzi. Mimi ambaye nimechoma nusu ya Bukiriro! Nikachoma. Nikakaa nje ya mlango hadi nikawa na hakika kwamba dawa haikumkataa, ndipo nikakimbia kazini, nikakuta foleni imefika barabarani.

Siku tatu za kwanza nilichoma na kutoka. Siku ya nne pumzi ikatulia, na ulimi ukarudi nayo.

"Muuguzi," akasema, "unatoka zahanati?"

Mama akajibu kwa niaba yangu, ndiyo.

"Una mkono mwepesi. Mukazana wangu, mke wa Renatus, naye anafanya kazi hiyo hiyo. Mkono wake sijui ukoje."

Wifi, niliuma kanga nisicheke, ikashindikana. Kicheko kikatoka. Nikasikia turubai linatikisika, nikadhani kikohozi kimerudi. Kumbe mzee naye anacheka.

Tangu hapo kila sindano ilikuwa na mazungumzo. Aliniuliza kama huko kazini ninapata hata muda wa kula. Mama akanijibia kwamba huyu muuguzi hali hadi jioni, mara nyingine anashindia maji. Akauliza kama wale wanaovuka wanakuja na wazee. Nikamnong'oneza Mama aseme kwamba wanakuja, wengine wamebebwa, na wapo wasiofika.

Sindano zilipoisha, Mama akakunja turubai akalirudisha uvunguni. Baba akarudi uani kwenye kiti chake, mimi nikarudi kupita pembeni nikitazama chini. Akitaka maji anamwambia Mama, Mama ananiambia mimi. Nikajua yameishia hapo, na nakiri niliumia kidogo.

Juzi sasa. Foleni ndefu, mtoto mmoja ana degedege, mama mwingine anatapika. Natupa jicho nje, namwona Baba! Ameketi kwenye benchi katikati ya wakimbizi, koti lake la kanisani mwilini, fimbo mkononi. Nikajua kichomi kimerudi. Watu wakampisha apite mbele kwa sababu ya uzee wake, akakataa. Alisogea nao taratibu, mtu mmoja baada ya mwingine, hadi akafika mlangoni kwangu.

Hakuingia. Aligeukia ukuta, akampa Nshoma chungu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Akasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Mpe muuguzi wa hapa. Mwambie ale sasa hivi, kazi haitakimbia."

Akaondoka. Ilikuwa ndizi na maharage, na Mama anaapa hakupika yeye wala hakumtuma mtu. Zilikuwa zimeungua chini, chumvi imezidi. Nilifunga mlango wa chumba cha sindano nikala zote, Adelfina, huku nalia.

Nisalimie shemeji Frednand, na Joan mbusu kwa niaba yangu. Mama Febronia anakusalimu na kuuliza utakuja lini. Renatus angekusalimu kama angekuwepo. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, na barabara ikuonyeshe njia ya kurudi kwetu.

Ukimwandikia Baba pole, tafadhali jifanye hujui lolote kuhusu turubai. Muulize tu ni nani aliyemponya. Nataka kusikia atakavyojibu.

Mimi nikupendaye sana,
wifi yako Restuta