Udi wa Baba Hauazimwi

Jumapili, 8 Juni 1975. Kasulu.

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja, kumbe nitaandikia hasira. Sawa tu. Wateja nitawapima na kuwakariri kichwani.

Kikundi cha udi kimekutana kwa Mzee Isihaka baada ya alasiri, kama kila Jumapili. Wanaume sita sebuleni. Mimi ukumbini, nyuma ya pazia, maana Mzee Isihaka anasema nikikaa kati yao watu wa Kasulu watasema. Waseme nini? Nina miaka thelathini na minne, nimeolewa, nimeachika, nashona nguo za nusu ya mji huu. Walishasema yote.

Mjadala ulikuwa nyuzi. Madukani hakuna, fedha za kigeni hakuna. Mzee Isihaka anashauri waya wa breki ya baiskeli: ukiufumua, anasema, unapata nyuzi zinazolia vizuri. Mwalimu Abdalah — yule wa shule ya msingi, anajua kila kitu isipokuwa kupiga — anataka mshipi wa kuvulia kutoka Kigoma. Nikasema huku nyuma: waya una nguvu mno, utang'oa kibao kinachoshika nyuzi. Na mshipi unalegea hata wimbo haujaisha. Halafu Abdalah akasema maneno yale yale, moja moja, na wote wakaitikia: naam mwalimu, hapo umenena.

Kumbe kuna na jingine. Saba Saba kikundi kimealikwa Kibondo, kupiga mbele ya wakubwa wa wilaya. Udi wa Mzee umepasuka mgongo. Abdalah ana gambusi lake la ngozi, linalia kama mkebe. Kwa hiyo wamekubaliana Abdalah apige udi wangu. Udi wa Baba, aliokuja nao kutoka Ujiji akiwa kijana. Wamekubaliana! Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka walipo, hakuna aliyeniuliza.

Nikauliza mwenyewe kupitia pazia: na mimi je, siwezi kupiga?

Wakacheka. Wala si kwa ubaya. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

Jumatatu, 9 Juni

Abdalah kapita barazani, kofia mkononi. Dada Adija, tunauomba udi, tutautunza. Nimemwambia udi huo hauazimwi. Ukienda Kibondo, naenda nao, na tukifika nitaupiga mimi. Akatazama cherehani, akatazama njia, akaaga.

Baba alinifundisha mimi. Kaka Khatibu kila akiitwa kujifunza alikuwa mpirani. Leo duka ni lake na baraza ninaposhonea ni lake, na mpaka kesho hajui uzi upi ni wa juu.

Jumapili, 15 Juni

Nimecheka leo mpaka nikajifunika kanga mdomoni. Barua imetoka kwa kamati ya Saba Saba: nyimbo ziwe za kilimo na kazi. Kikundi hakina wimbo wa kilimo hata mmoja, zote za mapenzi. Wamefanya nini? Kila penye mpenzi wametia jembe. "Jembe langu usiku silali, nikikukumbuka." Mzee Isihaka kaimba bila hata kutabasamu. Wenzake wakaitikia kwa huzuni kabisa.

Baada ya hapo Abdalah akafanya mazoezi kwenye udi wa Mzee ule mbovu. Anasugua nyuzi kama mtu anayesugua sufuria. Mzee anamwambia legeza mkono, yeye anakaza. Nikashindwa kuvumilia. Nikapitisha mkono wangu kwenye pazia — mkono tu — nikaonyesha kifundo kinavyoning'inia, unyoya wa kupigia unavyoshikwa kwa vidole viwili bila kubanwa, unavyoshuka na kupanda. Sebule nzima ikatazama mkono. Mzee akasema: hivyo mwalimu, kama hivyo hivyo.

Basi mkono umeruhusiwa. Bado mwenye mkono.

Alhamisi, 19 Juni

Nilikwenda Kabanga kumwona shangazi hospitali. Nimerudi saa kumi, ukuta mtupu. Udi haupo.

Kaka kampa Abdalah. Nimemfuata hukohuko dukani, kati ya wateja. Hakuinua hata macho kwenye mizani. Mali ya Baba, kasema, na mwanaume wa nyumba ni mimi. Nikamwambia: mwanaume wa nyumba, nitajie nyuzi za huo udi ni ngapi. Wateja wakaanza kuchagua chumvi.

Ni kumi na moja.

Ijumaa, 20 Juni

Abdalah kaja asubuhi, udi umefungwa kwenye kanga ya mkewe.

Jamani! Kaupasha moto.

Gambusi lake la ngozi, baridi ya Juni ikilegeza ngozi, huliweka karibu na jiko la mkaa mpaka likaze. Wapiga ngoma wote wa huku hufanya hivyo, hata mimi nimekua nikiona. Basi na udi wa Baba kaufanyia hivyo hivyo. Mbao! Gundi imeyeyuka, kibao cha kushika nyuzi kimebanduka, uso una ufa wa urefu wa kidole. Nyuzi tatu zimekatika, na zilizobaki zimekauka, ukizigusa zinavunjika.

Nilidhani nitapiga kelele. Nimepokea tu. Nimemwambia, udi umerudi nyumbani, basi. Yeye ndiye aliyelia, mtu mzima na ndevu zake. Nimemchemshia chai.

Alipoondoka nikalia na mimi. Nilie nisilie, nyuzi hakuna.

Jumatano, 25 Juni

Nsabimana anayetuletea maziwa kutoka Heru Juu — mkimbizi, aliingia na wale wa mwaka sabini na mbili — kaukuta udi umelala juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Akaweka kibuyu chini. Akauliza, mama, naweza kugusa?

Kumbe kwao alikuwa mpigaji. Si udi, inanga: ubao mrefu uliochimbwa katikati, uzi mmoja unapitishwa huku na huku mpaka unakuwa nyuzi nane. Yake ilibaki Burundi, nyumba nayo ilibaki, na wengine aliokaa nao kwenye nyumba hiyo. Hilo alilisema haraka akirudisha mfuniko wa kibuyu.

Nikamwambia shida yangu ni nyuzi, hazipatikani. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kasema: kwetu mtu hanunui uzi, anachinja.

Jumamosi, 28 Juni

Siku tatu nafanya kazi ya ajabu. Kano za mgongo wa ng'ombe, nimezitoa bucha. Unazikausha, unazichana nyembamba kama nywele, unalowanisha, unasokota juu ya paja kama wanawake wanavyosokota katani. Hapo nilimshinda Nsabimana, yeye anasokota taratibu mno. Kisha unaning'iniza na jiwe mpaka zikauke zimenyooka. Nikiharakisha ananiambia buhoro buhoro, polepole, mama, ukivuta leo kesho utaanza upya. Gundi tumechemsha ya ngozi, tukabandika kibao na kuziba ufa, mtaa mzima umenuka, Kaka kafunga dirisha la duka.

Leo nimezifunga zote kumi na moja. Ushauri wake: usizipandishe hadi pale zilipokuwa zile za dukani, shusha sauti kidogo. Na usizipige, zivute. Umande ukizipata zinalegea, kwa hiyo udi ufungwe na nguo, ukae karibu na mwili.

Nimepiga. Sauti imeshuka, imekuwa ya mwanamke mtu mzima. Nsabimana aligeuka ukutani, akakigonga kibuyu, maziwa yakamwagika, hakuna aliyeyajali.

Jumapili, 29 Juni

Nimepita pazia.

Sikupanga. Nilifika na udi mikononi, miguu haikusimama ukumbini. Nikakaa kwenye mkeka kati ya Abdalah na mlango, nikapiga Jembe Langu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mzee Isihaka aliinama akazinusa nyuzi. Halafu swali lake: binti Saidi, huyo ng'ombe alichinjwa na nani? Nikamjibu, Abdulrahmani wa bucha ya sokoni, kwa bismillahi, muulize mwenyewe. Akasema alhamdulillahi. Nikajua alikuwa anatafuta sababu ya kunikataza na ameikosa.

Akampa Abdalah ajaribu. Akasugua ile sufuria yake, kano zikavuma tu kama nyuki. Akaurudisha kwangu mwenyewe. Kasema wazi mbele ya wote: huu anauweza dada, mimi siuwezi. Nimemsamehe nusu.

Lakini Mzee anasema jina la Abdalah limeshapelekwa kwa kamati, limepigwa muhuri. Mimi nitakwenda Kibondo kama fundi wa nyuzi. Nitazikaza, nitampa, nitakaa pembeni.

Nimesema ndiyo. Ndiyo ya kupanda gari. Ya kumpa sijaisema.

Jumamosi, 5 Julai

Kaka kasikia. Kaja barazani, kasimama juu ya cherehani yangu. Kasema: nikisikia umeushika udi huo mbele ya watu, ukirudi utakuta cherehani yako barabarani.

Nikamwambia, uiweke upande wenye kivuli, jua linaharibu mkanda.

Akaondoka. Nikaendelea na mshono, nikashona mkono wa gauni kwenye shingo, imebidi nifumue. Naogopa. Hapa naandika kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Baraza ndiyo ugali wangu, hakuna mwingine atakayenipa yake. Redio asubuhi ilisema tena mwaka huu ni Mwaka wa Wanawake duniani kote. Kasulu sijui barua itafika lini.

Udi nimeufunga kwa kanga mbili. Nitasafiri nimeukumbatia tumboni.

Jumatatu, 7 Julai. Kibondo.

Naandika uwanjani, kwenye benchi la vikundi, daftari nimelilaza juu ya udi na udi uko mapajani. Lori lilitufikisha jana jioni, vumbi mpaka kwenye meno. Asubuhi kulikuwa na ukungu, kano zote kumi na moja zililegea. Nimekaza moja moja tangu saa mbili. Sasa ziko sawa. Nimezijaribu kwa kidole.

Ngoma ya Makere imetoka. Kwaya ya shule imeingia. Baada yao ni sisi.

Kaka amekuja! Yuko na wafanyabiashara wenzake, kwenye kamba ya kuzuia watu, upande wa kushoto. Ameniona. Amepenya katikati ya watu, yuko nyuma yangu sasa, simtazami.

Abdalah amenyoosha mikono. Dada, nipe, zamu yetu inakaribia. Nimemwambia ngoja, naandika. Ameuliza unaandika nini saa hizi?

Nimechana ukurasa wa mwisho. Nimeandika kwa herufi kubwa: UDI — ADIJA BINTI SAIDI, KASULU. Nimemkabidhi Mzee Isihaka, nikamwomba ampelekee mwenye kipaza sauti. Yeye ndiye mkubwa wa kikundi, neno lake hawatalikataa. Amesoma. Amenitazama, akamtazama Abdalah. Abdalah amekunja mikono yake kwapani. Mzee ameinuka na fimbo yake.

Anakwenda polepole sana. Kwaya inamaliza. Kaka ananiambia kwa sauti ya chini: Adija, rudisha udi kwenye lori, tusiaibishane. Nimemwambia fanya subira, kaka, unazuia watu walio nyuma.

Mzee amefika. Amesimama. Karatasi bado iko mkononi.

Ameitoa.

Mtangazaji anaisoma, mdomo unacheza, hatoi sauti. Anamuuliza Mzee kitu, Mzee anatikisa kichwa, sioni vizuri ni ndiyo au hapana. Sasa ameigeuza karatasi kutafuta kama kuna jina jingine. Hakuna. Niliandika upande mmoja tu.

Anatazama huku. Mkono wa Kaka uko begani mwangu, nami nimeshasimama na udi; daftari nalifunga.