Posa ya Elia na Robo Tanki ya Petroli

Jumamosi, jioni. Mpemba, karibu na Tunduma.

Mvua imekatika sasa hivi na ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la jirani. Nimekaa jikoni na chai ya tangawizi, nimevaa sweta la mume wangu, mgongo unauma kwa kuendesha siku nzima. Lakini moyo umetulia kama wa mtu aliyeshinda kesi.

Niandike kabla sijasahau.

Gari langu ukoo mzima umelisema tangu lilipotoka bandarini. Ni mtumba wa Japani, lina injini ya petroli na mota ya umeme, na batri yake naichaji hapa nyumbani kwa waya, kama simu. Chaji ikiisha, injini inashika kazi na safari inaendelea. Hakuna uchawi. Ila ukiwaeleza watu hivyo wanakuangalia kama umejiunga na dhehebu jipya.

Nililinunua kwa sababu ya foleni. Mimi ni wakala wa forodha, ofisi yangu iko karibu na mpaka, na anayeishi huku anajua: kutoka Mpemba mpaka Tunduma mjini si mbali, lakini malori yakijipanga kuelekea Zambia unaweza kusogea kama konokono asubuhi yote. Gari langu la zamani lilikuwa linakunywa petroli likiwa limesimama. Hili likisimama halili kitu. Linanyamaza kabisa, mpaka siku moja dereva wa Kizambia alishuka kwenye lori lake akaja kunigongea kioo.

"Bamayo," akaniita, yaani mama kwa lugha yao, "limezima? Tusukume?"

Nilicheka mpaka ofisini.

Siku hizi naenda kazini na kurudi kwa umeme wa nyumbani. Umeme wa luku unaisha haraka kuliko zamani, siwezi kudanganya, lakini ninachoongeza kwenye luku hakifiki hata karibu na nilichokuwa nakiacha sheli. Zamani wahudumu wa sheli walikuwa wananiita kwa jina. Sasa nikienda kuweka mafuta naanza kukumbuka kwanza kifuniko cha tanki kiko upande gani.

Hayo yote hayakumtosha baba mkubwa. Yeye ni kaka wa marehemu baba, na ndiye msemaji wetu tangu baba afariki. Maisha yake yote ameendesha malori, kutoka Kopabelti, kwenye migodi ya shaba ya Zambia, mpaka Dar na kurudi, na kwake gari ni kitu kinachonguruma. Siku ya kwanza kuliona hili alilizunguka, akapiga teke tairi, akasema, "Hili ni gari la foleni. Lipeleke mlimani ndipo utajua ulichonunua."

Leo limekwenda mlimani. Na yeye akiwa ndani.

Ilikuwa siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Tusekile, mpenzi wa mdogo wangu Elia. Kwao ni Itumba, kule Ileje. Tulishaahirisha mara moja kwa sababu ya msiba, na mara ya pili mvua ilituzuia. Baba yake binti, Mzee Kibona, aliupokea udhuru wa kwanza vizuri. Wa pili aliupokea kwa kukata simu. Kisha Tusekile akamwambia Elia, kwa sauti ya chini, kwamba kuna watu kutoka Mbeya wameanza kuuliza nyumbani kwao kama binti ana mtu.

Kwa hiyo leo haikuwa siku ya kukosa.

Tulikodi Noah ya watu wanane. Asubuhi, wanawake tumeshavaa vitenge vya sare, dereva akapiga simu. Yuko kwenye foleni ya petroli hapa Mpemba tangu alfajiri. Petroli imekuwa ya shida mjini wiki hii, sheli moja inatoa, nyingine zimefunga kamba, na watu wanavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na madumu. Akasema labda mchana. Labda.

Elia alikaa kwenye kizingiti cha mlango akiwa na suti yake na viatu vinavyong'aa. Mdogo wako akilalamika unaweza kumjibu. Akikaa hivyo, unatafuta la kufanya.

Nikasema tunaenda na langu.

Baba mkubwa akauliza tanki lina kiasi gani. Nikamwambia robo. Akacheka kicheko kile cha madereva wa zamani, kifupi na kikavu. "Robo! Ileje na kurudi, milima ile, watu na mizigo, robo?"

"Robo, na batri imejaa, baba mkubwa."

"Batri." Alilitamka kama mtu anayetema mbegu ya chungwa.

Nikiri hapa, kwa kuwa ndiyo kazi ya shajara: na mimi niliogopa. Nalijua gari langu mjini, nalijua mpaka Vwawa na Mlowo, lakini barabara ya Ileje sikuwahi kuipita nalo. Nikipiga hesabu kichwani naona tunafika na tunarudi, tena bila wasiwasi. Lakini hesabu ya kichwani haijawahi kubeba wazee waliovaa vizuri.

Tukaenda wanne: mimi na baba mkubwa mbele, Elia na shangazi Rebeka nyuma. Kiti cha tano tulikipa mablanketi ya zawadi kwa wakwe, maana batri imemega nafasi ya buti. Wengine walibaki wakatuombea. Shangazi ndiye aliyefunga sala, na aliitaja petroli kwa jina.

Barabara ni ya lami sasa, inapanda na kushuka. Nilianza kwa umeme makusudi. Watu wengi hudhani batri uitunze mpaka mwisho. Mimi nilitaka iwe na nafasi kabla hatujafika kwenye miteremko, kwa sababu ukishuka mlima batri ikiwa imejaa, ile nguvu ya kushuka haina pa kwenda. Nikapanda taratibu, bila kukanyaga kwa hasira. Kilima kirefu kilipokuja injini iliamka yenyewe, ikatusaidia, ikalala tena. Shangazi alikuwa amesinzia.

Baba mkubwa hakusinzia. Alikuwa anatazama mshale wa petroli kama mtu anayemlinda mwizi.

Kisha tukafika kwenye mteremko mrefu. Nikasogeza giya kwenye B, ile ya kushukia mlima, nikaondoa mguu kwenye pedali, gari likaanza kujishika lenyewe. Halikuvuma. Halikukimbia. Kwenye kioo kidogo cha dashibodi kinachoonyesha umeme, mishale iliyokuwa inatoka kwenye batri kwenda kwenye magurudumu ikageuka, ikatoka kwenye magurudumu kurudi kwenye batri.

Baba mkubwa akainama mbele. "Hiyo nini?"

Nikamweleza kwamba tukishuka, magurudumu yanaizungusha mota na mota inatengeneza umeme. Kile tulichotumia kupanda, mlima unaturudishia sehemu yake.

"Na breki?"

"Sijaigusa bado."

Akageukia dirisha. Nilidhani anatafuta la kunipinga. Kumbe alikuwa mbali. Akaanza kusimulia, bila kunitazama, habari za rafiki yake mmoja waliyeanza naye udereva. Walikuwa wanashuka mlima, yeye mbele na rafiki yake nyuma, wote wamepakia shaba. Akasikia harufu ya breki zinazoungua, akadhani ni zake. Akaangalia kwenye kioo cha pembeni, akaona lori la mwenzake linakuja bila kushikwa na kitu. Rafiki yake alilipeleka kwenye ukingo kwa makusudi ili asimgonge yeye.

"Alinipungia mkono," baba mkubwa alisema. "Mpaka leo sijui alikuwa ananiaga au ananiambia nipishe."

Miaka yote hii sikuwahi kuisikia habari hiyo. Elia naye hakuwahi. Tulishuka mlima wote, yeye akiitazama ile mishale ikirudi, ikirudi. Mara moja tu alisema, kama anajisemea mwenyewe, "Yaani mteremko unakulipa."

Tulipoanza kuyaona mabati ya nyumba za Itumba alijiweka sawa, akafunga kifungo cha koti, akanigeukia akiwa msemaji wa ukoo tena.

"Sikiliza, mwanangu. Usithubutu kuomba umeme kwa wakwe. Tumekuja kuomba binti. Hatuwezi kuomba binti na umeme siku moja."

Nilikubali. Kweli, waya nilikuwa nao kwenye buti, na saa chache za chaji zingetupunguzia petroli ya kupanda tukirudi. Lakini alikuwa na haki. Mambo mengine hayapimwi kwa lita.

Mzee Kibona alitupokea vizuri, ila kwa ubaridi. Alitupa mikono mifupi, ya kugusa na kuachia. Viti vyetu vilipangwa mbali kidogo na vyao. Akamuuliza baba mkubwa, mbele ya watu wote, kama safari hii mvua imeturuhusu. Niliona masikio ya Elia yakibadilika rangi.

Kisha mzee akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Na mafuta mmepata wapi? Huku kwetu sheli imekauka. Mimi mwenyewe nilijua leo mtapiga simu tena."

Baba mkubwa angeweza kujibu kwa mkato. Badala yake aliketi vizuri, akaweka fimbo yake kati ya magoti, akaanza kulisifu gari langu. Langu! Akawaeleza foleni, akawaeleza batri, akawaeleza mlima unaolipa. Alieleza ile mishale kwa vidole vyote kumi. Ungedhani amelitengeneza yeye. Mimi na shangazi tulitazama chini tusije tukacheka.

Mzee Kibona alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo hilo gari linakula umeme?"

"Linakula, ndugu yangu."

"Na sasa hivi limeshiba?"

Hapo baba mkubwa akakwama. Akisema limeshiba, amedanganya kwenye nyumba aliyokuja kuposa. Akisema halijashiba, ameomba. Niliona anavyozungusha fimbo.

"Limekula njiani," alisema mwishowe. "Kama mgeni yeyote wa safari ndefu, haombi."

"Basi haombi, anapewa," Mzee Kibona akajibu. "Kwetu mgeni hakai na njaa, wala mnyama aliyembeba hakai na njaa. Mama Tuse, chomoa friji."

Friji ikachomolewa. Nikaenda kuchukua waya, ukapitishwa dirishani, nikauchomeka, taa ndogo ya kijani ikawaka. Mama yake Tusekile akatoka na soda zote zilizokuwa kwenye friji akisema tuzinywe kabla hazijapata joto. Watu wakaanza kucheka. Viti vikasogezwa, kwa kisingizio cha kuona gari, na havikurudishwa tena mahali pake.

Mazungumzo yenyewe sitayaandika, ni ya wazee. Nitaandika tu kwamba binti aliitwa, akaulizwa kama anawajua wageni hawa, akajibu anawajua, na anayemjua zaidi ni yule mwenye suti. Shangazi akapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Wakati wa kuagana Mzee Kibona alimshika baba mkubwa mkono, safari hii mkono mrefu, wa kutikisa. "Mmeshakula umeme wetu. Sasa mkimkimbia binti nitawaletea bili."

Kurudi ilikuwa kazi. Ni kupanda zaidi kuliko kushuka, mvua ilitukuta njiani, na ukungu ukafanya nione mita chache tu mbele. Chaji ya Mzee Kibona ilitubeba vilima vya kwanza, kisha injini ikachukua zamu yake. Sikuogopa tena. Nilijua chombo ninachokiendesha, na baba mkubwa alikuwa ananisomea mishale kwa sauti, kama turniboi wa zamani anayemsaidia dereva wa lori: inatoka, inatoka, haya inarudi.

Tulipofika Mpemba mshale wa petroli ulikuwa umeshuka kidogo tu chini ya robo. Noah tuliyoikodi tuliikuta bado kwenye foleni. Tulimpungia dereva. Hakutupungia.

Najiuliza sasa, chai ikiwa imeshapoa: nilikuwa najivunia nini miezi yote hii? Nilikuwa nawaambia watu kuhusu luku na sheli, kuhusu ninavyobana, kuhusu ninachobakiza. Ni kweli na nitaendelea kusema. Gari hili linanilipa. Mwenye safari fupi za kila siku na soketi nyumbani asiogope, aje aniulize. Mwenye safari za Dar kila wiki nitamwambia ukweli pia, kwamba halitamsaidia sana.

Lakini leo nilichookoa si petroli. Elia ana mchumba. Baba mkubwa ametoa kitu alichokibeba miaka mingi. Nilikaa naye kiti kwa kiti, bila kelele ya injini, ndiyo maana nilimsikia. Kwenye Noah ya watu wanane asingesema. Hilo sikulipigia hesabu wakati nanunua.

Nimelichomeka. Kwa dirisha la jikoni naiona taa ya kijani.

Kesho Jumapili. Kanisa liko jirani tu, kule ng'ambo ya shamba la mahindi. Nitakwenda kwa miguu. Kwa kubana matumizi, hakuna gari litakaloishinda miguu.