Nyumba Arobaini Ambazo ni Ishirini na Nane

Emali, Alhamisi, Oktoba 1994

Jua la leo limewaka kama limetumwa, na bado kuna mawingu yamekaa upande wa vilima vya Chyulu yakinitisha. Nina matofali mabichi elfu moja na mia mbili, nimeyafunika kwa nyasi. Mvua ikinyesha kabla sijawasha tanuri, yote yatarudi kuwa udongo. Lakini si matofali yaliyonitia uchungu.

Nimekosa nyumba.

Niandike vile ilivyokuwa, maanake nikiiacha kichwani itanioza.

Tulipopewa wilaya yetu, kaunsili ilisema itajenga nyumba arobaini hapa Emali kwa watu wa kipato kidogo. Tukaandikisha majina. Mimi nikawa namba thelathini na nne. Nilipiga hesabu palepale: nyuma yangu wamebaki sita, kwa hivyo niko ndani. Nimebeba hiyo namba kama mimba. Juzi mwenye chumba ninachopanga aliponiambia nitoke mwisho wa mwezi, ati anataka kupanua baa yake, hata sikumbembeleza. Nilimwambia, "Mimi nina nyumba yangu inakuja." Nikasema kwa sauti, majirani wasikie.

Nyumba za mawe zilijengwa ishirini na nane. Nilizihesabu mwenyewe, mlango kwa mlango. Zile kumi na mbili tukaambiwa tungoje. Leo asubuhi karatasi imebandikwa kwa mlango wa ofisi: lengo la nyumba arobaini limetimia. Jina la mwisho kwenye orodha ya waliopata ni la namba ishirini na nane.

Nikaingia kwa karani. Ni kijana mpole, hiyo siwezi kumnyima. Nikamwuliza zile kumi na mbili ziko wapi. Akafungua faili, akanionyesha kwa ncha ya kalamu.

Nyumba ya Wazee.

Nyumba ya Wazee ya kanisa letu, iliyojengwa kwa harambee! Vyumba kumi na viwili kwa mstari mmoja. Mimi mwenyewe nilitoa matofali elfu tatu, nikasimama mbele ya kanisa nikapigiwa makofi. Kumbe nilikuwa najenga ukuta wa kujizuia mwenyewe.

"Mama, mzee akilala hapo, si amelala kwa nyumba?" akaniuliza.

"Amelala kwa chumba. Kila chumba kina vitanda viwili na jiko ni moja la wote. Si ungehesabu vitanda basi, mvuke lengo mpewe kikombe?"

Watu wa kwa foleni walicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza polepole, kama anayelisha mtoto, kwamba kila mzee anayeingia pale ameacha nyumba kijijini. Hiyo nyumba imebaki wazi, itapata mtu. Kwa hivyo ni kama kaunsili imejenga.

"Itapata mtu gani?"

"Hayo sasa ni mambo ya familia, Mama." Halafu akaongeza, "Na wewe ukipata pahali pa kulala, uje utuambie tufute jina. Orodha ni ya wasio na nyumba."

Huyu kijana ni Mkamba kama mimi. Anajua kwamba kwetu mwanamume akishajenga yake, hawezi kurudi kulala kwa nyumba ya mamake. Mama akitoka, mlango unafungwa na unabaki hivyo, hata kama wanawe wamebanana kwa vyumba vya kupanga Mombasa. Hizo nyumba kumi na mbili ziko kwa faili tu. Anajua, na ameandika.

Mchana nikaenda kumwona Mama Mkubwa Syombua, dada ya marehemu mama yangu. Yuko chumba cha saba. Ni mimi niliyemtoa kwake Mbumbuni, baada ya kuanguka na mtungi wa maji akalala chini mpaka jirani akapita. Wanawe wote wawili walikuwa mbali. Nilimbembeleza wiki nzima ndio akakubali kuja.

Niseme ukweli, kwa sababu hapa hakuna wa kunisikia. Nilipoketi kwa kitanda chake sikumwangalia yeye kwanza. Niliangalia chumba. Nilipima kwa macho: futi kumi kwa kumi, kitanda changu kingeingia pale kwa dirisha. Halafu nikaona aibu, maanake mama wa watu alikuwa amefurahi. Amenona kidogo. Ananiambia hapa chai inakuja yenyewe, na yule mwenzake wa chumba ni mwongo sana, anamchekesha mpaka mbavu zinauma. Nyumba ile ni nzuri. Hapo ndipo uchungu wangu unakosa pa kutua. Siwezi kuichukia.

Nikamweleza habari za karani. Akafungua fundo la leso yake, akatoa ufunguo.

"Mwiitu wakwa," aliniita, binti yangu, "wale wanaume hawawezi kuingia. Wewe ni mtoto wa kike. Nenda ulale kwangu, nyumba isife."

Nilitaka kukataa. Ulimi ukakataa kukataa.

Mbumbuni kutoka hapa ni gari mbili na mwendo wa mguu. Shamba lake ni mchanga mtupu, haushiki tofali. Mume aliponifukuza, na shamba la baba likawa la kaka zangu, nilianza hapa mtoni kwa kuchotea wengine maji ya kufinyangia udongo. Tanuri hii niliisimamisha peke yangu. Nikienda kule nina paa lakini sina kazi. Nikibaki nina kazi, halafu mwisho wa mwezi nilale chini ya nyasi na matofali yangu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: nikiingia ile nyumba, karani atakuwa amesema kweli. Mzee mmoja ameingia, nyumba moja imebaki, imepata mtu. Katika milango yao kumi na miwili ya uongo, mmoja utakuwa wa kweli, na mimi ndiye nitakayeufungua.

Nitaenda. Sina ujanja mwingine. Mtu hawezi kupanga chumba ndani ya kiburi chake.

Lakini kwa ile ofisi sirudi kufutwa. Paa ni la Mama Mkubwa, si la kaunsili. Wakija kuniuliza, nitawaambia wanionyeshe nyumba ya thelathini na nne, niiguse ukuta kwa mkono wangu, ndipo wachukue kalamu.

Alfajiri nawasha tanuri, mawingu yapende yasipende. Na jina langu likae palepale lilipo.